Crafting hadi 61 kwa ajili ya Lunar Diplomacy: njia ipi haili muda wala sarafu?

Mwanagenzi_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo wa Crafting, ujuzi wa kutengeneza vitu, kwenye mchezo wa Old School RuneScape. Nahitaji leveli 61 ili nifanye misheni ya Lunar Diplomacy. Hali ya akaunti ni hii:

Crafting 9, XP (pointi za uzoefu) 1,010 kamili, za glavu na buti za ngozi pamoja na opali. Magic 66. Mining, Woodcutting na Firemaking zimeshafika panapotakiwa na hiyo misheni. Smithing 34, Agility 35, Thieving 22. Sarafu 2,400,000. Uanachama umebaki siku 14, nacheza kwa simu, saa moja hivi kila usiku. Kati ya misheni zinazotangulia Lunar Diplomacy nimemaliza Rune Mysteries tu.

Maswali yangu: niendelee na ngozi, nihamie kuchonga vito, au nipulize vioo? Na kwa nini opali zinasagika kila nikizichonga? Kati ya opali 60, karibu nusu zimekuwa vumbi.

FundiVioo

Mkuu, ngozi iache leo hii. Glavu ni XP 13.8, buti 16.3, na kila vipande vitano vinamaliza uzi mmoja. Vitu vyenyewe havina mnunuzi.

Opali nazo acha. Opali, jedi na topazi nyekundu ndivyo vito pekee vinavyoweza kusagika chini ya patasi, na leveli ikiwa ndogo vinasagika sana. Opali nzima inatoa XP 15, iliyosagika inatoa 3.8. Yakuti ya bluu (Sapphire) haisagiki kamwe, lakini inataka leveli 20.

Hamia kwenye vioo. Unahitaji bomba moja la kupulizia, sokoni limeandikwa Glassblowing pipe, na kioo kilichoyeyushwa, Molten glass. Bomba halichakai. Linakaa kwenye begi, nafasi 27 zinazobaki unajaza vioo. Kupuliza kipande kimoja ni mapigo matatu ya seva, yaani sekunde 1.8, kwa hiyo begi zima ni sekunde 48.6 bila kugusa kitu. Kwa mtu wa simu hapo ndipo raha ilipo: unagusa mara chache kwa dakika.

Ngazi zake:
leveli 1, bilauri ya bia, XP 17.5
leveli 4, taa ya mshumaa, 19
leveli 12, taa ya mafuta, 25
leveli 33, kichupa (Vial), 35
leveli 42, bakuli la samaki (Fishbowl), 42.5
leveli 46, tufe tupu (Unpowered orb), 52.5
leveli 49, lenzi ya kandili (Lantern lens), 55
leveli 87, tufe la mwanga, 70

Ila usipulize hata kimoja kabla ya misheni tatu fupi. Sheep Shearer inatoa XP 150: nunua mafundo 20 ya sufu sokoni, mpelekee Fred pale Lumbridge, imeisha. Dwarf Cannon inatoa 750. Murder Mystery inatoa 1,406, na haina vita hata kidogo, ni kukusanya alama za vidole tu. Jumla 2,306. Ukijumlisha na 1,010 ulizonazo unapata 3,316, ambayo ni leveli 17. Bilauri na taa za mshumaa umeziruka zote.

Hapo puliza taa za mafuta 47 tu: unafika 4,491, leveli 20. Simama, fanya Elemental Workshop I, inayotaka 20 kwenye Mining, Smithing na Crafting. Inatoa XP 5,000 za Crafting na 5,000 za Smithing. Hizo 5,000 ni sawa na taa 200 ambazo hutazipuliza.

Kisha taa 351 hadi leveli 33, vichupa 779 hadi 42, mabakuli 529 hadi 46. Kuanzia 46 ni matufe hadi mwisho. Ukigonga 49 fanya The Hand in the Sand (inataka pia Thieving 17, unayo), ichukue ile 9,000, halafu rudi kwenye matufe. Matufe yote ni 4,291. Vioo vyote kwa pamoja ni 5,997. Kupuliza peke yake ni saa tatu, ongeza safari 223 za benki, kila moja sekunde tano au sita ukizoea. Usiku nne zinakutosha.

Lenzi za leveli 49 wengi wanakimbilia kwa sababu ya XP 55. Mimi sikushauri. Tofauti na tufe ni 2.5 tu, haifiki hata asilimia tano. Tufe lina mnunuzi kila siku kwa kuwa ndilo linalochajiwa kutengeneza fimbo za vita. Lenzi inakaa sokoni mpaka uikatie tamaa.

Bahari_Saba

Hesabu ya FundiVioo ni sahihi ila amesahau kitu kikubwa. Mwanagenzi amesema amefanya moja tu kati ya misheni zinazotangulia Lunar Diplomacy. Ni nne: Rune Mysteries, The Fremennik Trials, Lost City na Shilo Village. Mbili kati ya hizo zinalipa Crafting, na atazifanya apende asipende.

Shilo Village: XP 3,875. Inataka Crafting 20 na Agility 32, na kabla yake Jungle Potion.
The Fremennik Trials: XP 2,812.4, pamoja na kiasi hicho hicho kwenye ujuzi mwingine tisa.

Kwa hiyo akitoka Elemental Workshop I akiwa na 9,491, asipulize kitu. Aende Shilo kwanza: 13,366, ambayo ni leveli 30 kwa XP tatu tu za ziada. Aende kwa Wafremennik: 16,178.4, leveli 31. Na Lost City inataka Crafting 31 ili kuchonga fimbo ya dramen, kwa hiyo mlango unafunguka hapo hapo.

Taa za mafuta zinazobaki hadi 33 ni 83, si 351. Hesabu nzima upya: taa 47, halafu 83, vichupa 780, mabakuli 528, matufe 452 hadi leveli 49, The Hand in the Sand, matufe 3,840 hadi 61. Jumla vioo 5,730. Umeokoa 267, na zaidi ya hapo umefanya misheni kwa mpangilio ambao zinakulipa wakati XP bado ni ngumu. XP 3,875 ukiwa leveli 26 inakupandisha leveli nne. Ukiwa 50 haikupandishi hata moja.

Angalizo la Fremennik: kinubi usijitengenezee. Kukitengeneza mwenyewe kunataka Crafting 40, Woodcutting 40 na Fletching 25. Nunua kilichokwisha, sokoni kimeandikwa Lyre, uingie nacho kwenye jaribio.

Mwanagenzi_Tanga

Asanteni sana wakuu, hii ya Shilo sikuiwaza kabisa. Nina mawili. Kwanza, ninunue vioo vyote 5,730 kwa mkupuo? Pili, usiku huu nimejaribu kujaza na kumwaga begi la vioo 27 bila kupuliza, na kila nikiweka benki bomba linaingia pamoja na vioo, nalitafuta upya. Nakosea wapi?

FundiVioo

Bahari_Saba yuko sahihi, fuata mpangilio wake.

La benki: unagusa ile alama ya kuweka begi zima, ndiyo maana bomba linakwenda nalo. Usiiguse. Chini ya dirisha la benki chagua kiasi All, halafu gusa taa moja ndani ya begi: taa zote 27 zinaingia, bomba linabaki. Kisha gusa Molten glass mara moja, nafasi 27 zinajaa zenyewe. Funga benki. Gusa bomba, gusa kioo, inakuja safu ya picha. Mpangilio wa picha ni ule ule wa ngazi nilizoandika juu: taa ya mafuta ya tatu, kichupa cha nne, bakuli la tano, tufe la sita. Kwenye kompyuta unabonyeza namba ya picha, na begi linalofuata unabonyeza nafasi tu, inarudia ulichochagua mwisho. Kwenye simu hakikisha kiasi kimesomeka All kabla hujagusa picha, la sivyo utapuliza kimoja na kusimama.

Sogeza Molten glass na bidhaa unayopuliza hadi mstari wa juu kabisa wa benki, karibu na pale kidole gumba kinapofika. Washa pia vishikilia nafasi (placeholder) ili kioo kikiisha kisihame mahali. Safari 200 na zaidi, sekunde mbili za kutafuta kitu ni dakika saba.

Kingine kinachokatisha watu: ukipanda leveli, ujumbe wa pongezi unasimamisha kazi. Ukiwa umeweka simu mezani unarudi kukuta vioo 19 havijaguswa. Kwenye mipangilio unaweza kuuzima huo ujumbe. Uzime kabla ya kuanza vichupa.

Kuhusu kununua, hapana, usimalize fedha kwa mkupuo. Grand Exchange, yaani soko la mchezo, ina kikomo cha kila kitu kwa saa nne. Oda ikisimama ghafla usipandishe bei kwa pupa, angalia kwanza kama umegonga kikomo. Kama umegonga, hata uweke bei mara mbili haitajaza mpaka saa nne zipite. Weka oda ya vioo 1,500 kabla ya kulala kwa bei ya chini kidogo ya ile ya papo hapo, asubuhi inakuwa imejaa.

Bei zinabadilika kila siku, kwa hiyo jifunze kanuni badala ya bei. Chukua bei ya bidhaa, toa kodi ya soko ya asilimia 2, toa bei ya malighafi, gawanya kwa XP. Mfano wa kuelewesha tu: kioo 150, tufe 140. Kodi ya tufe ni sarafu 2, mkononi unabaki na 138. Hasara 12 kwa tufe, gawanya kwa 52.5, unapata sarafu 0.23 kwa XP. Fanya hivyo kwa kila njia kabla hujaweka oda. Siku nyingine tufe linakuwa ghali kuliko kioo, na unapanda huku unapata faida.

NgoziTatu

Niongeze njia ya katikati, kwa sababu matufe 3,840 ni mengi na ana siku 14 tu.

Leveli 54 unaanza fimbo za vita: Battlestaff moja na tufe moja lililochajiwa. Fimbo ya maji XP 100 (54), ya ardhi 112.5 (58), ya moto 125 (62), ya hewa 137.5 (66). Hakuna chombo kinachohitajika, kwa hiyo begi ni fimbo 14 na matufe 14. Kila moja ni mapigo mawili, sekunde 1.2. Begi linaisha kwa sekunde 16.8. Kwa vioo unapata takriban XP 94,000 kwa saa, kwa fimbo za maji unapita 200,000 ukiwa na mkono mwepesi.

Namba kwa akaunti yako: baada ya The Hand in the Sand, matufe 956 yanakufikisha 54. Hapo fimbo za maji 736 hadi 58, za ardhi 692 hadi 61. Vioo vinashuka kutoka 5,730 hadi 2,846. Muda mzima unapungua kwa karibu saa moja.

Tatizo ni mtaji. Zaff wa Varrock anauza fimbo tupu kwa sarafu 7,000 ukiwa umemaliza shajara ya Varrock (orodha ya kazi za mji huo): 15 kwa siku kwa ile rahisi, 30 ya kati, 60 ngumu, 120 ya mwisho. Hata kwa bei hiyo, fimbo 736 ni 5,152,000. Wewe una 2,400,000. Kwa hiyo zungusha: nunua fimbo 200 na matufe 200 ya maji, tengeneza, uza, nunua tena. Weka akiba ya laki mbili au tatu isiyoguswa, kwa sababu fimbo zikichelewa kuuzika unakwama na mzigo mkononi na huna cha kutengenezea.

Kodi inauma hapa kuliko kwenye vioo. Tuseme fimbo inauzika 8,500: kodi ni 170, gawanya kwa 100, ni sarafu 1.7 kwa XP kabla hujahesabu hasara nyingine yoyote. Dawa yake ni High Level Alchemy, na Magic yako inatosha. Fimbo yoyote ya maji, ardhi, moto au hewa inageuka sarafu 9,300, haina kodi, haisubiri mnunuzi. Unalipa runi (mawe ya uchawi) moja ya asili na tano za moto, za moto zinatoka bure ukishika fimbo ya moto. Linganisha tu: 9,300 kutoa bei ya runi ya asili, dhidi ya bei ya soko kutoa asilimia 2. Kikubwa ndicho unachofuata.

Na kuna faida ya pembeni. Kila alchemy ni XP 65 za Magic. Fimbo zote 1,428 zinakupa 92,820, na Magic utaihitaji: baada ya Lunar Diplomacy, dua ya Superglass Make, ya kugeuza mchanga kuwa vioo, inataka 77. Gharama yake ni muda, kila alchemy sekunde tatu, 1,428 ni kama saa moja na dakika kumi. Ile saa uliyookoa inarudi huku. Mimi kwa siku 14 ningeuza za maji sokoni na kufanya alchemy kwa zile za ardhi zilizogoma kuuzika tu.

Kosa la kawaida: kununua tufe la moto ukiwa leveli 54 kwa kuwa bei yake imeshuka. Halikubali mpaka 62, na sarafu zako zimelala. Nunua la leveli yako.

Bahari_Saba

NgoziTatu, njia nzuri, ila kwa simu fimbo zinachosha. Begi la sekunde 16.8 maana yake benki mara tatu kwa dakika, zaidi ya safari 100. Mtu anayepika au anayeangalia mtoto abaki na matufe.

Na kwa walio huku kwetu: dunia ya mchezo unayoingia ina uzito. Seva ziko nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia. Ukiwa Tanga, Mombasa au Bujumbura chagua Uingereza au Ujerumani. Kupuliza vioo hakuathiriki sana mtandao ukiwa mzito, maana kazi inaendelea upande wa seva, lakini kila ufunguzi wa benki unachelewa, na kwenye fimbo ucheleweshaji huo unaula ule uharaka wote. Kama mguso wa benki unachukua sekunde nzima kuitika, fimbo hazina faida kwako, rudi kwenye vioo.

ChumaPeke

Je, kwa akaunti za chuma (Ironman)? Sisi soko hatuna, na swali hili linakuja kila wiki, kwa hiyo niliandike hapa hapa.

Mchanga na majivu ya soda vinauzwa na mabaharia wa meli za kukodi, wale Trader Crewmember, Catherby, Port Khazard, Brimhaven na kwingineko. Wanauza pia bomba. Hisa yao ni ndogo, kwa hiyo unanunua, unahama dunia, unanunua tena. Beba ndoo 14 za mchanga na soda 14 hadi kwenye tanuru: kila kioo kinachoyeyuka ni XP 20, begi ni 280, na ndoo tupu zinabaki kwako. Kwetu basi kila tufe lina thamani ya 72.5, yaani 20 za kuyeyusha na 52.5 za kupuliza. Kutoka 46 hadi 61 matufe yanayotakiwa ni kama 3,230 badala ya 4,460, bila kuhesabu The Hand in the Sand.

The Hand in the Sand usiifanye kwa ajili ya XP 9,000 tu. Baada yake Bert wa Yanille anakupelekea ndoo 84 za mchanga benki kila siku. Unazungumza naye mara moja kwa siku, basi. Ifanye siku ile ile unayofika 49, maana kila siku unayochelewa ni ndoo 84 zimepotea.

Upande wa soda, njia bora ni mwani mkubwa, Giant seaweed. Unapandwa chini ya bahari Fossil Island, vitalu viwili, Farming 23, unakomaa kwa dakika 40. Kufika huko kunataka misheni ya Bone Voyage, na kuzama kunataka kofia ya bakuli na kifaa cha kupumulia. Mbegu zake unaziokota hapo hapo kwenye sakafu ya bahari. Ukienda, lipia ulinzi wa kitalu kwa zile sarafu za visukuku, numulite 200. Usipolipa, mwani unaugua na kufa, na hutajua mpaka urudi na mikono mitupu.

Ukishapata Superglass Make, kila mara beba mwani 3 na mchanga 18. Mwani mmoja unatosha mchanga sita. Kwa mwani huu mkubwa unapata wastani wa vioo 1.6 kwa kila ndoo, yaani 28 au 29 kutoka ndoo 18, wakati soda ya kawaida inakupa 1.3. Vinavyozidi nafasi ya begi vinaanguka chini ya miguu, viokote kabla ya kuondoka. Shika fimbo ya moshi, inalipa runi za moto na hewa zote mbili, unabaki kuhitaji runi mbili za astral tu kwa kila dua. Ndiyo sababu mtu wa chuma anaitaka Lunar Diplomacy mapema kuliko yeyote: mchanga ule ule wa Bert unazaa vioo zaidi ya nusu tena.

Mwanagenzi_Tanga

Nimeelewa. Nimeshamaliza Sheep Shearer na Murder Mystery, kesho Dwarf Cannon. Nitabaki na matufe hadi 54, kisha nijaribu fimbo 100 nione mtandao wangu unaitikaje. Swali la mwisho: nikishafika 61 na kumaliza Lunar Diplomacy, ni kipi kinafuata ambacho hakinirudishi kwenye vioo? Naona watu wanataja ngozi za joka.

NgoziTatu

Fulana za ngozi ya joka, ndiyo, kuanzia 63. Kutoka 61 malizia na fimbo za ardhi, ukifika 62 hamia za moto.

Ya kijani XP 186 (leveli 63), bluu 210 (71), nyekundu 234 (77), nyeusi 258 (84). Kila fulana inakula vipande vitatu vya ngozi. Begi: sindano moja, uzi kwenye nafasi moja, vipande 24. Zinatoka fulana nane kwa sekunde 14.4. Kwa ya kijani hiyo ni XP 1,488 kwa begi, na kwa saa unapita 250,000 kirahisi. Kasi ni hiyo, lakini gusagusa ni nyingi kama fimbo, na hasara kwa XP huwa kubwa kuliko vioo. Alchemy inasaidia kukadiria sakafu ya bei: ya kijani 4,680, bluu 5,616, nyekundu 6,738, nyeusi 8,088. Vipande vitatu vikigharimu zaidi sana ya hapo, subiri.

Soma jina la kitu mara mbili kabla ya kuthibitisha oda. Green dragonhide ni ngozi mbichi, sindano haiikubali. Unayoitaka ni Green dragon leather. Ukishanunua mbichi, peleka kwa Ellis pale Al Kharid, anatengeneza kwa sarafu 20 kila kipande. Usiende kwa yule wa Canifis, anatoza 45. Wakati mwingine mbichi pamoja na hizo 20 inakuwa nafuu kuliko iliyotengenezwa, basi hapo safari ya Al Kharid inalipa. Kwa vipande mia mbili tatu, sio kwa elfu tano.

Tajiri wa muda anachonga almasi: leveli 43, XP 107.5, vito 27 kwa begi, sekunde 32.4. Kasi yake ni sawa na fulana na benki ni nusu ya safari, kwa simu inafaa zaidi. Piga hesabu ile ya FundiVioo kwenye almasi na fulana siku hiyo hiyo, kwa sababu zinapishana mara kwa mara.

Na uzi nunua wa kutosha. Uzi mmoja ni fulana tano, kwa hiyo fulana 500 ni nyuzi 100. Unaungana kwenye nafasi moja ya begi, beba wote. Ukiisha katikati ya begi kazi inasimama kimya kimya, bila ujumbe utakaouona ukiwa umeweka simu pembeni.

FundiVioo

Jambo moja la kumaliza kwa upande wangu, kwa sababu limeulizwa pembeni: hapana, usiweke programu ya kubofya yenyewe, hata kwa vioo. Jagex, wenye mchezo, wanafunga akaunti kwa hilo, na kazi yenyewe tayari ni miguso michache kila sekunde hamsini.

Mwanagenzi, ukipata Dwarf Cannon angalia XP yako isomeke 3,316 au karibu na hapo kabla hujaanza zile taa 47. Ikiwa pungufu, gawanya kinachokosekana hadi 4,470 kwa 25, hiyo ndiyo idadi yako ya taa.

Mwanagenzi_Tanga

Inasomeka 3,316. Taa ziko kwenye moto.